Nimelipa nirekodiwe redio ya mtandaoni, nimeletewa kachumbari!

Mjukuu wa Fidla:
Wakuu, nimetoka kazini sasa hivi, hata viatu sijavua, mikono inatetemeka. Yule mtaalamu wetu wa Ngamiani, simtaji, mnamjua wote, yule mwenye bango la "tunarekodi kila kitu". Leo kaniua.

Jana saa tatu usiku ile redio ya taarabu ya mtandaoni ilipiga tepu za zamani za vikundi vya Tanga. Saa moja tu, hawarudii na hawaweki popote. Humo kuna bashrafu, ule muziki wa ala tupu bila kuimba, ambayo babu yangu anapiga fidla. Babu kafariki 1994. Nyumbani hatuna fidla yake hata sekunde moja, kanda zote ziliozeshwa na paa bovu. Mimi nilikuwa zamu ya usiku bandarini, simu tunaacha getini. Nikampa elfu kumi mkononi na karatasi nimeandika kwa herufi kubwa: redio inarusha AAC ya kbps 320 (sauti iliyobanwa, kilobiti 320 kila sekunde), USIGUSE KITU, hifadhi kama inavyokuja. Akaniambia, "Braza, hiyo kazi ndogo sana kwangu."

Asubuhi ananipa flashi. Navaa hedifoni. Udi unaingia, ganuni inafuata, dumbaki inanyamaza, babu anaanza taksimu, anapiga peke yake kwa kubuni. Vinyweleo vyote juu. Sekunde ya tano:

"KACHUMBARI WEKA NYINGI!"

Sauti yake mwenyewe! Jamaa kaweka simu mbele ya spika ya kompyuta pale kibandani, kabonyeza kurekodi, kaenda kuagiza chipsi mayai dirishani. Nimepiga ukelele jirani akadhani kuna msiba.

Namuuliza ndugu yangu, hii ni nini? "Si nimekugeuzia iwe 320?" Kweli, faili ina MB 144, saa moja ya kbps 320 sawasawa. MB 144 za nini? Za feni! Za bodaboda! Za kikaango! Fidla ya babu inasikika kama mbu aliyefungiwa ndani ya debe, halafu mtu ananiambia 320. Halafu anaongeza, "Lakini si inasikika?"

Inasikika nini? KACHUMBARI ndiyo inasikika! Safi kabisa, mpaka ile "nyi" ya "nyingi" inavuma!

Bin Spika:
Elfu kumi ulitaka aje na studio? Shukuru hakuongeza mishikaki.

Mama Nai:
Pole mwanangu. Mimi wa kwangu nilimwambia kipindi ni saa tatu usiku, akaseti kompyuta 3:00. Kwenye kompyuta hiyo ni saa tisa usiku! Saa tatu yetu ni 21:00. Nikaletewa saa nzima ya mtu anatangaza dawa ya kunguni. Nikadai hela yangu, akasema kompyuta "haijui Kiswahili".

Waya Mrefu:
Mkuu, kosa ni kumpa mtu. Fungua linki ya redio kwenye programu ya VLC, kuna kitufe chekundu cha kurekodi, kinahifadhi kile kile kinachoingia. Au tumia ffmpeg, programu ya kuandikia amri, na uweke -c copy, inachukua data ileile iliyotoka redioni bila kuikandamiza upya. Sauti ya AAC au MP3 imeshapunguzwa huko ilikotoka. Ukiikandamiza tena inapungua tena, na kilichokwisha kupotea hakirudi hata uandike 320 au 3,000. Muda weka -t 3900, hizo ni sekunde, yaani saa moja na dakika tano, maana mtandaoni matangazo huchelewa nyuma ya saa yako na mwisho wa kipindi unaweza kukatwa.

Mjukuu wa Fidla:
Kukandamiza ungekuwa msiba mdogo, Waya Mrefu! Huyu hata kwenye kukandamiza hakufika. Waya upo, kompyuta ipo, redio imo ndani ya kompyuta ileile, yeye anairekodi kupitia HEWANI! Babu anashusha upinde taratibu, unasikia kabisa anakwenda kulia na ile fidla, halafu KACHUMBARI!

Bin Spika:
Labda babu naye alikuwa na njaa.

Mjukuu wa Fidla:
Bin Spika, babu yangu usimguse.

Mama Nai:
Bin Spika, heshima kwa marehemu. Mwanangu, hiyo redio tepu wanayo. Waandikie, waombe wakukatie kile kipande tu.

Mjukuu wa Fidla:
Nimeandika tangu saa moja asubuhi, mama. Bado kimya. Na kama kuna mtu humu alirekodi jana kama ilivyokuja, namuomba, nitalipia flashi na nauli.

Kijana wa Bando:
Mimi nilijaribu jana. MB 144 nimeziweka pembeni kabisa, nikanunua na bando la ziada. Dakika ya ishirini simu ikaanza kusasisha programu zake yenyewe, bando kwisha. Hivi kwa nini bando la usiku linaanza saa sita? Nani anasikiliza taarabu saa sita?

Waya Mrefu:
Zima kusasisha, mkuu. Na kwa ffmpeg weka -reconnect 1 na -reconnect_streamed 1 kabla ya linki, mtandao ukiyumba inajaribu kushika tena.

Kijana wa Bando:
Itashika na bando gani?

Mama Nai:
Kijana, dakika ishirini ulizopata zina bashrafu ndani?

Kijana wa Bando:
Zina salamu za wasikilizaji, mama. Salamu dakika kumi na nane.

Shangazi wa Raskazone:
Samahani, huyo wa chipsi mayai ni yule anayetazamana na kibanda cha fundi? Maana siku hizi kachumbari yake haina ndimu.

Bin Spika:
Ndiye. Na anachanganya kabichi.

Shangazi wa Raskazone:
Kabichi! Kachumbari ni nyanya, kitunguu, pilipili, ndimu. Kabichi imeingilia wapi?

Kijana wa Bando:
Nyanya zimepanda bei, shangazi.

Mjukuu wa Fidla:
Wakuu, ni BABU YANGU! Sekunde ya tano!

Waya Mrefu:
Kitunguu akioshe kwa chumvi kwanza, kile chake kinawasha macho mpaka ng'ambo ya barabara.

Shangazi wa Raskazone:
Na hakioshi. Mimi nilimwambia mwezi wa Ramadhani, akaninunia mpaka leo.