Naomba ushauri: fizikia ya vitendo kidato cha sita

Wakuu, habari za jioni. Niko kidato cha sita, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), hapa Tabora. Nadharia ya fizikia naimudu, maswali ya makanika hata wenzangu huniuliza. Vitendo ndivyo vinavyoninyima usingizi.

Likizo hii nimefunga jiwe kwa uzi, nikalining'iniza kwenye boriti ya jiko la mama, nikapima muda kwa simu. Nikachora grafu ya mraba wa muda dhidi ya urefu wa uzi. Mvutano wa dunia ukatoka 10.8 badala ya 9.8! Siku mbili nzima natafuta kosa. Kumbe nilipoachia jiwe nilikuwa nahesabu "moja" badala ya "sifuri", hivyo mizunguko 20 yangu ilikuwa 19. Niliporudia nikapata 9.7, nikafurahi sana.

Sasa umeme. Daraja la mita (kifaa cha kupima ukinzani wa umeme) shuleni ni moja, tunalizunguka watu wengi, zamu yangu huisha kabla sijapata pointi ya sifuri, yaani pale mshale wa galvanomita (kipima mkondo mdogo wa umeme) unaposimama kwenye sifuri. Nyumbani nina betri za tochi na nyaya tu. Mliopita njia hii, mlifanyaje? Je, naweza kujitengenezea, na waya wa aina gani unafaa? Mtihani ni Mei.