Madarasa mapya yamekuja, ya zamani yanaoza. Hela ya ukarabati itoke wapi kwa haki?

Mjumbe_Kusini
Wakuu habari za jioni. Mie ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi kijiji kimoja huku Lindi na hili jambo linaninyima usingizi. Shule yetu walijenga wazee wetu enzi za UPE, ile elimu ya msingi kwa wote, miaka ya 70, marehemu babu alikuwa anabeba mawe ya msingi kichwani kutoka korongoni, na majengo yale yale ndo watoto wanasomea mpaka leo. Mwaka juzi tukaletewa mradi, vyumba viwili vipya, bati la rangi, madirisha ya alumini, tukashukuru sana. Ila vyumba vitano vya zamani hakuna aliyevigusa. Darasa la tatu kenchi zimeliwa na mchwa, ukigonga kwa kidole unga unamwagika, mvua ikinyesha mwalimu anachora duara kwa chaki sakafuni kila panapovuja na watoto wameshazoea, wanaingiza madaftari ndani ya shati wanahama. Ukuta wa nyuma una ufa, nimeingiza kiganja changu kikaingia chote.

Tumeandika barua, jibu ni kwamba fungu lililopo ni la vyumba vipya na kumalizia maboma, la ukarabati hakuna, tusubiri bajeti. Sasa mkutano wa kijiji unakuja na pendekezo la mezani ni kila kaya ilete 15,000. Babu alijenga, baba akachangia wakati wa MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, sasa zamu yangu, wakati shule nyingine zinaletewa kila kitu. Haki hapa iko wapi?

Mwl_Mstaafu_Newala
Mwanangu, nimekuwa mwalimu mkuu kabla sijastaafu, acha nikueleze hela inavyokuja. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 ruzuku ya shule ya msingi ni 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, 4,000 inabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndo inaingia akaunti ya shule. Chukua shule ya watoto 310, ni 1,860,000 kwa mwaka mzima, yaani 155,000 kwa mwezi, na humo humo kuna chaki, mitihani, michezo, karatasi za ofisi na huo ukarabati wenyewe. Chumba kimoja cha zile hela za UVIKO, yaani za korona, mwaka 2021 kilitengewa milioni 20. Pima mwenyewe.

Na dhuluma ninayoiona mie iko hapa: ile 6,000 inahesabu vichwa, haiulizi jengo lina umri gani. Shule iliyojengwa juzi na ya mwaka 1975 zikiwa na watoto sawa zinapata sawa, wakati moja haina hata kitasa kibovu na nyingine inaanguka. Tunachotakiwa kudai ni halmashauri ipite shule zote, iandike hali ya kila chumba, kibovu kuliko vyote kiwe cha kwanza, na orodha ibandikwe kila kata watu waisome. Bila orodha anayepata ni yule mwenye diwani mwenye sauti.

mkulima_tandahimba
Shikamoo mwalimu. Naongezea, halmashauri zetu za huku zina hela ya korosho, ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3 na unaenda halmashauri, alafu kwenye mapato ya ndani kuna sehemu lazima iende maendeleo, kwa halmashauri zenye mapato madogo ni asilimia 40. Mjumbe muulizeni diwani kwenye ile 40 ukarabati wa shule umepewa shilingi ngapi, mwambieni aje na karatasi.

Kuhusu mchango sie tulikubaliana makato kupitia AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, shilingi kadhaa kwa kila kilo, nikaona ni afadhali kuliko kaya kwa kaya maana mwenye tani tano anatoa kingi na mwenye gunia moja anatoa kidogo. Lakini nisiwafiche, jengo lilisimama kwenye lenta misimu miwili na hela tumeshakatwa, mpaka leo sijasomewa mapato na matumizi na inaniuma kila nikipita pale. Msikubali kukatwa kabla hamjachagua watu wenu wa kushika risiti.

FundiPaa
Kaka mjumbe kabla ya hela hao watoto watoeni kwenye hicho chumba KESHO. Kenchi ikishatoa unga haibebi bati, upepo mmoja tu. Ufa wa kuingiza kiganja sio wa kupiga lipu juu, mara nyingi msingi umekaa vibaya kwa sababu maji ya paa yanamwagika pale pale chini miaka yote, so muiteni mhandisi wa halmashauri aandike kwa mkono wake kama ukuta unafaa au unabomolewa. Hiyo karatasi yake ina nguvu kuliko barua kumi za kamati. Msije mkapaua upya juu ya ukuta mbovu hela ya watu ikapotea.

MamaKilwa
Mie mjane nina watoto watatu pale shuleni kwetu, hiyo 15,000 kwa kaya kwangu na kwa mwenye duka sio kitu kimoja jamani. Na mchango ni hiari, mtoto asirudishwe nyumbani. Mvua za kimbunga Hidaya Mei 2024, zile zilizokata barabara pale Somanga, tulilala tunawaza mapaa ya shule. Wanawake tunaweza kusomba maji na mchanga, iandikwe kama mchango wetu, ila bati na mbao serikali ilete.

Mjumbe_Kusini
Asanteni sana, shikamoo mwalimu. Leo asubuhi tumekaa na mwalimu mkuu, darasa la tatu wamehamia chumba kipya kimoja, wataingia mchana wakitoka la tano. Barua ya kumuomba mhandisi nimeipeleka kwa mtendaji mwenyewe, nimeondoka na nakala yenye muhuri. Kwenye mkutano nitaomba ile 15,000 isipitishwe mpaka diwani asome hiyo asilimia 40, na nguvukazi ya kina mama ihesabiwe. Ikifika bajeti ya Julai mosi hatumo nitarudi hapa kuwaambia.