Nimepanga nyumba ya shangazi wa mteja wangu. Waliofanya ustawi wa jamii vijijini naomba ushauri

Nyayo za Vumbi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Nina miezi saba tangu nipangiwe kijijini. Niko peke yangu kwa vijiji sita. Ofisi ni chumba ninachochangia na mtu wa kilimo, na msimamizi wangu yuko mjini, tunaonana mara moja kwa miezi miwili, hapo barabara ikipitika. Chuoni tulisoma mengi mazuri, ila karibu yote yanamchukulia mteja kuwa mtu anayekuja ofisini, anakaa, mnafunga mlango, akitoka hamuonani mpaka miadi ijayo. Mlango wangu mimi haufungi vizuri. Na mteja niliyemaliza naye saa nne, saa sita niko nyuma yake kwenye foleni ya maji.

Kilichonileta: wiki tatu zilizopita nilipata taarifa ya mtoto wa miaka tisa anayeachiwa wadogo zake wawili kutwa nzima, shule haendi, na ana alama za fimbo mgongoni. Nikaenda. Kufika pale ndipo najua kwamba mama wa huyo mtoto ni binti wa kaka yake mama mwenye nyumba wangu. Jioni narudi, hata viatu sijavua, mama mwenye nyumba yuko mlangoni na kigoda chake. "Nasikia leo ulikuwa kwa binti yetu. Kuna nini?" Nikajikanyaga, nikasema nilikuwa napita tu. Akacheka.

Kesho yake kijiji kizima kinajua. Kibaya zaidi wameshaamua nani aliripoti, na wamekosea. Kuna mwalimu hahusiki hata chembe, sasa anaangaliwa kwa jicho baya, na mimi siwezi kumtetea kwa sababu nikisema "si yeye" watabaki kubahatisha wengine mpaka wampate mwenyewe.

Nihame? Nyumba ya kupanga iliyobaki ni moja tu. Na siri mnatunzaje mahali ambapo pikipiki yako tu ikionekana imeegeshwa ni taarifa ya habari? Usingizi umeanza kunikimbia. Msinitukane, ndiyo kwanza naanza.

Kisiki

Omba uhamisho dada. Kijiji hakina siri, utazeeka bure.

Mzee wa Njia Mbovu

Kisiki, akihama huko ataenda kijiji kingine chenye mashangazi wake.

Mdogo wangu, nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, yote vijijini. Kosa lako ni lile la "napita tu". Umedanganya mtu aliyekuwa na jibu tayari, kwa hiyo sasa anajua mambo mawili: kwamba kuna kitu, na kwamba wewe ukibanwa unadanganya. Hilo la pili ndilo litakalokusumbua.

Tafuta sentensi moja, iwe ya kwako, uiseme kila mara bila kuibadilisha. Ya kwangu ni hii: "Nilikwenda wapi na kwa nini, hayo siyasemi, hata wewe ukija kwangu sitayasema." Nenda kaiseme leo, na umwombe radhi kwa ule uongo. Ila uiseme hata siku ambayo umetoka kwenye kikao cha kamati ya maji na hakuna cha kuficha. Watu wengi hukosea hapa. Siku hakuna kitu unajibu "aa, nilikuwa kikaoni tu", siku kuna kitu unanyamaza. Baada ya mwezi, kunyamaza kwako kunasomeka kama tangazo ukutani.

Pikipiki ndiyo hivyohivyo. Mimi sijawahi kwenda nyumba moja. Nikiwa na kesi moja upande ule, naegesha shuleni, natembea kwa mguu, nabisha hodi nyumba nne au tano: hapa nauliza wazee wanaoishi peke yao, pale nauliza watoto ambao hawajaandikishwa shule. Kweli nauliza, si maigizo, na mara kadhaa nimekuta shida kubwa kuliko ile niliyoifuata. Inakula nusu siku. Lakini miaka yote hii mtu akiniona uani kwa jirani hajui kama nimekuja na kesi au na daftari la kuandikisha watoto.

Nyayo za Vumbi

Mzee, hilo la kujibu sawa kila siku sikuwahi kuliwaza. Asante. Na salamu je? Tulifundishwa kwamba ukikutana na mteja njiani usimsalimie wewe kwanza, usije ukamfichua.

Mzee wa Njia Mbovu

Hiyo ni ya mjini, ambako kumpita mtu kimya ni kawaida. Kijijini ukimpita mtu mmoja bila salamu wakati umesalimia ishirini, umemvisha kengele. Salimia wote sawa, muda sawa, maswali yaleyale. Usiulize tu "vipi lile jambo".

Faili Halina Jina

Ninafundisha na bado nashika kesi. Kitaalamu hali yako inaitwa uhusiano wa pande mbili: mtu ni mteja wako, au ndugu wa mteja, na hapohapo ni mwenye nyumba, fundi wako, mwalimu wa mwanao. Wengi wanadhani maadili yanaukataza moja kwa moja. Kanuni za chama cha wanataaluma wa ustawi wa jamii wa Marekani zilizopitishwa mwaka 1996, ambazo vyuo vingi duniani hufundishia, zinakataza pale penye hatari ya kumnyonya au kumdhuru mteja. Pale usipoepukika zinamtaka mtaalamu, si mteja, aweke mipaka iliyo wazi. Kwa hiyo hujavunja kitu kwa kupanga nyumba. Utavunja ukinyamaza nalo.

Andika kwa msimamizi wako leo, kwa maandishi yenye tarehe, kwamba una uhusiano wa upangaji na ndugu wa mteja. Omba uamuzi wowote mzito juu ya mtoto, kwa mfano wa kumtoa nyumbani, usifanywe na wewe peke yako. Mwambie na mama wa mtoto mwenyewe: "Unajua naishi kwa shangazi yako. Atakachosikia hakitatoka kwangu. Ukiona hili linakusumbua, niambie." Kodi lipa kwa wakati na uchukue risiti, usikubali kupunguziwa hata kidogo.

Halafu chumba unachochangia. Juu ya jalada weka namba tu, na daftari la kuonyesha namba ipi ni ya nani likae mahali pengine chini ya kufuli. Nimeshakuta ofisi ambayo majalada yamepangwa kwa majina, na aliyekuja kuchukua mbegu anayasoma akisubiri zamu.

Nesi Msimamo

Nimesoma mpaka hapa. Tumezungumza nyumba, pikipiki, kodi, salamu. Mtoto yuko wapi sasa hivi? Nani ameuona mgongo wake?

Nyayo za Vumbi

Nesi, umenigusa. Yuko nyumbani. Nilienda tena mara mbili. Mama anatoka kabla hakujapambazuka kwenda vibarua vya mashamba ya mbali, anarudi giza limeingia. Baba alishaondoka kitambo. Fimbo alikiri: mdogo wake alikaribia kuungua motoni, akamchapa mkubwa kwa hofu. Kituo cha afya bado sijampeleka, nilihofia ndiyo itazidi kutangaza.

Nesi Msimamo

Mpeleke kesho. Siku ya kliniki ya watoto wadogo, nendeni na wale wawili kupimwa uzito, na mkubwa ataangaliwa humohumo. Nani atajua? Siku hiyo kituo kinajaa kina mama. Mimi na afisa wetu tumekuwa tukifanya hivyo kwa wanawake wanaopigwa na waume zao, maana ile ndiyo safari pekee ambayo hakuna anayewauliza wanakwenda wapi.

Ukiandika alama, andika zilipo, ukubwa wake, rangi yake, na maneno ya mtoto kama alivyoyatamka. Usimwekee maneno mdomoni, usimhoji kila unapokwenda. Angalia pia sheria ya hapo ulipo inataka utoe taarifa kwa nani na kwa muda gani, hilo halisubiri barabara kukauka. Na mama alipaswa kuambiwa tangu siku ya kwanza kwamba usiri una mwisho: mtoto akiwa hatarini, au mtu akitishia kujiua au kuua, utasema kwa wanaohusika. Kama hukumwambia, mwambie sasa.

Simu pia. Usimpigie mteja kwenye simu inayotumiwa na nyumba nzima kabla hujajua nani hupokea, wala usitume ujumbe wenye maneno ya kesi. Kubalianeni saa na neno la kawaida.

Faili Halina Jina

Nesi asante kwa kutuvuta masikio.

Niongeze moja kutokana na maelezo haya mapya. Angalia usichanganye umaskini na utelekezaji. Kumwachia mtoto wa miaka tisa wadogo zake ni hatari, hakuna ubishi, na kiboko si malezi. Lakini mama anayetoka usiku kutafuta kibarua hajamtupa mwanawe. Ukiandika "utelekezaji" kwenye fomu, kila atakayesoma baada yako atamwona mama katili. Andika ulichokiona: saa anazotoka, saa anazorudi, nani yupo kati yake. Swali linakuwa nani anaweza kukaa na hao watoto kati ya alfajiri na magharibi.

Na hapo ndipo kijiji kinapokuzidi ofisi ya mjini. New Zealand waliweka kwenye sheria mwaka 1989 kwamba mtoto akihitaji ulinzi ukoo uitwe kikaoni, upewe taarifa zote, uachwe peke yake ujadiliane, kisha ulete mpango wake. Mizizi yake ni desturi za Wamaori. Huna haja ya sheria hiyo kujaribu jambo dogo lenye mwelekeo huo, ilimradi mama aridhie na usalama wa mtoto usiwekwe rehani ukisubiri kikao.

Mtoto wa Jirani

Mimi si mtaalamu, nimepita tu kusoma. Niliwahi kuwa huyo mtoto.

Afisa alikuwa anakuja kwetu na kila mtu alijua. Mnadhani sisi tulidhani hawajui? Nyumba ambayo baba analewa na kupiga haihitaji afisa ili ijulikane. Ila kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akimchokoza yule afisa mbele za watu, "wale watoto bado wanalala njaa?", na yeye anajibu jambo la mvua. Kila mara mvua. Nilikuwa nimesimama pale siku moja na ndoo. Tangu hapo nikamwambia mambo ambayo kijiji hakikuyajua.

Kijiji kujua ni kitu kimoja. Wewe kuthibitisha ni kingine kabisa.

Kisiki

Nafuta langu la uhamisho. Ila usingizi dada, hilo hakuna aliyekujibu.

Mzee wa Njia Mbovu

Kweli Kisiki. Misingi ya maadili ya shirikisho la kimataifa la wanataaluma wa ustawi wa jamii, iliyopitishwa Dublin mwaka 2018, imelitaja hili la kujitunza kama wajibu, lakini karatasi haitakulaza. Tafuta mwenzako wa wilaya jirani, mpigiane siku maalumu kila wiki, kesi bila majina. Mimi na mwenzangu tulikuwa na mti mmoja juu ya kilima wenye mtandao, kila Alhamisi saa kumi. Na uwe na mahali angalau mara moja kwa mwezi ambapo hakuna anayekujua. Uketi. Usiulizwe.

Nyayo za Vumbi

Wakuu, narudi kutoa mrejesho baada ya siku kumi.

Mtoto amepimwa, alama ni za zamani, hakuna mpya. Nesi wa hapa kaandika, nami nimetoa taarifa kunakohusika. Barua kwa msimamizi imekwenda, kajibu kwa simu ndani ya siku mbili, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mwalimu bado anaangaliwa vibaya, hilo sina dawa yake, nimeendelea tu kubisha hodi kwenye nyumba nyingi mpaka wachanganyikiwe.

Mama mwenye nyumba nilimwomba radhi na nikaisema sentensi yangu. Alinitazama, akanyanyua kigoda chake, akaenda zake. Siku tatu hatukuzungumza zaidi ya salamu. Ya nne akarudi na kigoda, akakaa, akasimulia habari za goti lake. Hakuuliza kitu.

Sasa kuna jipya. Juzi mama wa mtoto, bila mimi kutaja jina la mtu, kasema: "Shangazi angeweza kukaa nao mpaka nirudi. Ila namwonea aibu kumwomba." Ameniomba nikae naye siku atakayomwambia. Na huyo shangazi ndiye ninayemlipa kodi. Nifanyeje?

Faili Halina Jina

Mama ndiye aombe, wewe kaa tu. Usifanyie sebuleni kwako.

Mzee wa Njia Mbovu

Mwanzo ningekwambia usihame. Sasa hama. Akishakuwa mlezi wa hao watoto utalazimika kumkagua, na huwezi kumkagua mtu ambaye ufunguo wa chumba chako uko kwake. Hama kabla ya kikao, isije ikaonekana mmegombana humo.

Nyayo za Vumbi

Nimetoka kuiona ile nyumba nyingine. Inavuja pembe mbili. Mwenye nayo kauliza mara tatu kwa nini nahama kwa yule mama mzuri vile. Nikaisema sentensi yangu, kisha nikamuuliza paa ataliziba lini.