Mpwa wangu kapata ukimbizi Uingereza, sasa anatakiwa atoke nyumba. Tumshauri nini?

Mjomba wa Wete:
Assalaam alaykum. Mpwa wangu yuko Middlesbrough, kwenye nyumba ya waomba hifadhi. Juzi kakubaliwa ukimbizi, huku tukasoma dua. Sasa imekuja barua ya pili: siku 28 awe ametoka, na kadi ya posho inafungwa. Ana miaka 26, hana mke, kazi bado. Mama yake hali, halali. Karafuu zingali kwenye majamvi, yeye keshazipigia hesabu ya kodi ya chumba. Ami yake London kasema aende akalale sebuleni kwake. Mie moyo unanisita. Nyie mlioko huko mnasemaje?

Mpemba wa Leeds:
Waalaykum salaam, mjomba. Hongereni! Kwanza, asikimbilie London. Sheria ya England ya 2017 inasema mtu aliyebakisha siku 56 au pungufu kukosa makaazi, kaunsili, yaani halmashauri ya mji, lazima imsikilize na imwekee mpango, hata akiwa peke yake. Na kaunsili inayomhusu ni ya pale serikali ilipomuweka. Akienda kuomba London wanaweza kumrudisha Middlesbrough, na siku zimeshakwenda. Aende kesho na barua zote mbili.

Siku hiyohiyo aombe Universal Credit, posho ya serikali kwa asiye na kazi au mwenye kipato kidogo. Malipo ya kwanza huchukua kama wiki tano, na hapo ndipo vijana wetu wanapoumia. Ataomba malipo ya awali, ila ajue ni mkopo, watamkata kidogokidogo. Akaunti ya eVisa, uthibitisho wa ukaazi wake kwenye mtandao, aifungue kwa simu na barua pepe yake mwenyewe. Wapo waliotumia barua pepe ya rafiki, rafiki akahama, wakabaki kuhangaika.

Na atafute chumba, si nyumba. Kijana peke yake chini ya miaka 35, msaada wa kodi kwa kawaida hupimwa kwa chumba cha nyumba ya kushirikiana.

Binti Mkoani:
Sheria sawa, lakini mtoto asilale barabarani akingoja kaunsili. Kama hana mtoto wala maradhi, mara nyingi hawalazimiki kumpa pa kulala usiku ule. Mlango wa ami yake msiufunge, jamani.

Mpemba wa Leeds:
Kweli, dada. Ikishindikana aende, lakini awe keshapeleka maombi yake kwa kaunsili ya Middlesbrough na ana maandishi mkononi. Na mama asiuze karafuu kwa papara. Mkimbizi aliyekubaliwa anaweza kuomba mkopo wa serikali usio na riba, kwa amana ya chumba na vyombo. Amana yenyewe kwa kodi za kawaida haizidi wiki tano.

Mjomba wa Wete:
Allah akulipe. Hilo la riba ndilo lililomtuliza mama yake. Nimeshampigia, kesho anakwenda. Kiingereza chake bado kizito, itakuwaje?

Mpemba wa Leeds:
Akifika tu aseme anataka mkalimani wa Kiswahili. Wasimpe karatasi asaini kabla hajasomewa.