Mwanangu kwotabeki, pasi zinanaswa kila wiki. Nimhamishe shule?

Baba Kwota
Wakuu habari za Jumapili. Naishi nje kidogo ya Houston, mwaka wa 14 huu. Kijana wangu ana miaka 15, anacheza futiboli ya Kimarekani shuleni kwao, nafasi ya kwotabeki. Kwa wasiojua, ni yule anayekaa nyuma ya ukuta wa mbele, anapewa mpira na kuamua amrushie nani. Mkono anao, hakuna anayebisha. Shida ni maamuzi. Ijumaa pasi zake 4 zilinaswa na wapinzani, ya mwisho zikiwa zimebaki dakika 2 na tuko nyuma kwa pointi 3. Mzazi mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Wamtoe huyo." Tangu juzi mtoto hali vizuri, amejifungia na video zake. Kocha anasema nimpe muda. Muda gani, mtoto anaharibika? Wilaya ya jirani kuna shule ina kocha anayesifika kwa kulea makwotabeki. Nauliza tu: nimhamishe au nisubiri? Matusi hapana.

Mbeba Zege
Mkuu, kwotabeki ndiyo namba ngapi? Sita au kumi?

Dereva wa Masafa
Kocha ni kocha tu. Mimi nilikuwa winga timu ya mtaa pale Temeke. Siku ya fainali ya kombe la mbuzi nimemleta mchumba uwanjani, dakika ya 20 natolewa. Nilivua jezi nikaitupa, nikaondoka na daladala nikiwa kifua wazi. Leo nina malori mawili. Mchumba aliolewa na beki wetu wa kushoto, lakini hiyo ni mada nyingine.

Mama Wawili
Niko Minnesota. Mbona hakuna anayeuliza kichwa cha mtoto? Huo mchezo wanagongana kama mbuzi dume. Wangu niliwapeleka riadha, wanarudi na jasho tu. Na masomo yanaendaje, Baba Kwota? Hukuyataja hata kidogo.

Baba Kwota
Masomo mazuri dada, A na B. Turudi kwenye mada.

Kocha wa Sebuleni
Kwotabeki Peyton Manning wa Colts, mwaka wake wa kwanza NFL, ile ligi kuu ya mchezo huu, 1998, pasi 28 zilinaswa. Mpaka leo hakuna mgeni wa ligi aliyefikia aibu hiyo. Colts walishinda mechi 3 kati ya 16. Mwaka uliofuata, kwotabeki yuleyule, wakashinda 13. Josh Allen wa Buffalo naye alianza 2018 pasi zikifika kwa asilimia 52.8 tu, watu wakasema huyu ana bunduki isiyo na shabaha. Mwaka 2020 akafika 69.2. Sasa hebu tueleze ile pasi ya mwisho, kilitokea nini?

Bwana Benchi
Mbona humtaji kwotabeki Mahomes? Kansas City walimkalisha msimu mzima wa 2017 nyuma ya Alex Smith, akaanza mechi moja tu, ya mwisho. 2018 akarusha pasi 50 za tachidauni, yaani za kufunga. Mtoto akae benchi aangalie wakubwa.

Baba Kwota
Nimeirudia kwenye simu labda mara thelathini. Jaribio la tatu kati ya manne, tunahitaji yadi 8. Anatazama ile bendi ya mkononi yenye michoro, anapiga makofi mara moja. Mabeki wa nyuma kabisa wako wawili. Mpira unaanza, mmoja anateremka katikati. Kijana anapiga hatua tatu, anaachia kwa mpokeaji anayekata kuingia ndani. Beki wa kati kasimama palepale, hakuhitaji hata kuruka. Kama mtu aliyepokea chenji dukani.

Kocha wa Sebuleni
Basi mkono hauna kosa, ni macho. Alishaamua kabla mpira haujaanza. Aliona wawili nyuma, akaamini katikati patakuwa wazi, hakuangalia tena. Wale walimdanganya makusudi, ndiyo kazi yao. Alipoteremka yule mmoja, huko nyuma alibaki mtu peke yake na pembeni ndiko kulikofunguka. Leo kaa naye, simamisha video sekunde moja baada ya mpira kuanza, umuulize anaona nini. Usimuulize kwa nini alirusha. Hilo ameshajiuliza siku mbili.

Fomu Kwanza
Mimi nauliza tofauti. Texas ukimhamisha mtoto kwa sababu ya michezo, UIL, wale wanaosimamia michezo ya shule, wanamzuia timu kubwa mwaka mzima. Kuna fomu, mzazi anasaini na shule ya zamani inasaini. Baba Kwota, unaomba ushauri au umeshafanya?

Fomu Kwanza
Naona uko hewani.

Baba Kwota
Sawa. Alhamisi, kabla hata ya hiyo mechi, nilianza kumwandikisha kule kwa anwani ya shemeji yangu. Bado tunaishi huku. Lakini jamani, shemeji ni mjomba wake kabisa, na kwetu tangu lini mtoto kukaa kwa mjomba ikawa kosa? Mimi mwenyewe nimesomea kwa mjomba Dodoma miaka minne. Wazungu wenyewe wanafanya, tena na barua za bandia.

Fomu Kwanza
Wewe kwa mjomba ulilala. Huyu atalala wapi?

Bwana Benchi
Kumbe mzee na mtoto wote mnaachia mpira mapema 😂😂

Mama Wawili
Mama yake anajua?

Baba Kwota
Anajua kuhusu mechi.

Mama Wawili
Anwani ni ya kaka yake, halafu hajui? Subiri simu ya wifi yake.

Mnusa Chai
Wakuu mnapoteza bando. Mimi niko Dallas. Miaka 15 ni mwaka wa pili sekondari. Wa umri huo wengi wako timu ndogo, na timu ndogo huku kwa kawaida hucheza Alhamisi. Ijumaa usiku ni ya wakubwa. Na hiyo Alhamisi yuko ofisini kwa watu anaandikisha. Hii chai, tena ya rangi, haina hata tangawizi.

Dereva wa Masafa
Nilishahisi. Nani anakumbuka bendi ya mkononi wakati mwanaye analia?

Baba Kwota
Mzazi. Alikuwa timu ndogo, ndiyo. Kwotabeki wa timu kubwa alivunjika mfupa wa bega, kijana akapandishwa. Alhamisi nilitoka kazini saa nane.

Kocha wa Sebuleni
Ngoja kwanza. Amecheza mechi ngapi timu kubwa?

Baba Kwota
Mbili.

Kocha wa Sebuleni
Kichwa cha uzi umeandika kila wiki.

Baba Kwota
Wiki mbili, mechi mbili. Si kila wiki?

Mnusa Chai
Nafuta neno chai. Hiyo hesabu mtu hawezi kuitunga.

Kocha wa Sebuleni
Mkuu, mtoto wa mwaka wa pili katolewa Alhamisi akawekwa Ijumaa mbele ya mabeki wa miaka 17 na 18, na kocha bado anasema mpe muda. Kocha kama huyo ndiye unayemkimbia?

Baba Kwota
Sijasema namkimbia. Nimesema naangalia njia. Ngoja, kashuka sasa hivi, anauliza kama naweza kumdakia mpira huko nje. Hajawahi kuniomba.

Baba Kwota
Nimerudi. Kati ya kumi nimedaka tatu, kidole cha pete kimevimba, pete haitoki. Video tutaangalia baada ya kula. Fomu bado iko kwao, kesho asubuhi nitapiga simu, sijajua nitasema nini.

Mama Wawili
Paka sabuni kidole, pete itatoka. Kisha mwambie mama yake.

Mbeba Zege
Pole mkuu. Ila hujanijibu tangu mchana. Namba ngapi?

Baba Kwota
Anavaa 12.

Mbeba Zege
Basi huyo wa akiba. Mngesema mapema.