Nataka gari dogo la 4WD la kupita njia mbovu haswa, nichague lipi na nianze kurekebisha nini?

SafariNdefu
Wakuu habari za saa hizi. Nataka kununua gari dogo la 4WD (linalovuta kwa tairi zote nne) kwa ajili ya njia mbovu tu, matope, mawe, makorongo ya mchanga, sio la kuendea kazini maana hilo ninalo. Mara nyingi ntakua peke yangu au na mtu mmoja. Nimechuja nimebaki na matatu, Suzuki Jimny ya zamani ya 1.3, Suzuki Grand Vitara na Daihatsu Terios ya mwanzo. Moyo uko kwenye Terios kwasababu ni nyepesi na ina kitufe cha kufunga difu ya kati, yaani ile inayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma, ukiifunga zinazunguka pamoja. Nikishapata nataka niinyanyue inchi 3 na kuvalisha matairi makubwa ya tope. Wenye uzoefu nisaidieni, sitaki kumaliza hela kwenye vitu ambavyo huko porini havifanyi kazi yoyote.

GiaNzito
Karibu mkuu. Kabla ya yote uliza kitu kimoja, gari lina gia nzito, ile ya 4L? Terios hiyo 4WD yake ni ya muda wote na difu ya kati inafungwa kweli, lakini 4L haina. Sasa ukifika kwenye kilima cha mawe bila 4L inabidi ukiendee kwa kasi au uning'inize klachi mpaka inuke, na wakati wa kushuka unategemea breki peke yake. Jimny ukiweka 4L mwendo unapungua karibu nusu na nguvu kwenye tairi inaongezeka karibu mara mbili, unaweka namba moja unatoa miguu yote gari inatambaa yenyewe, unabaki na kazi ya kuangalia tairi inakanyaga wapi.

Halafu Jimny ina chasisi yake kamili na eksele nzima mbele na nyuma zikiwa na springi za koili, kuanzia ile iliyotoka 1998 mpaka hii ya 2018. Jiwe likinyanyua tairi la kushoto, eksele inalala na la kulia linabaki limegusa chini. Na kwakuwa gari ni fupi mno, tumbo na bampa hazigusi ovyo, hiyo ya 2018 inaingia mwinuko wa nyuzi 37 mbele na inatoka na nyuzi 49 nyuma. Kwa matumizi uliyoyataja mimi sioni cha kushindana nayo.

Bi_Korongo
Kaka GiaNzito nakubaliana na wewe ila Grand Vitara umeiruka na sio haki. Ile ya kuanzia 2005 yenye kitufe cha kuchagua 4L ina gia nzito na difu ya kati inafunga, safari ndefu inatulia, mizigo inabeba, abiria wa nyuma hawalalamiki. Shida yake ni moja, kila tairi inajitegemea kwahiyo kwenye mashimo ya kupishana mapema tu tairi moja inabaki hewani inazunguka bure, na kuinyanyua sana ni kuzitesa shafti za mbele. Ndugu yetu kasema anaenda mwenyewe au na mtu mmoja, basi achukue Jimny. Angekuwa na watoto watatu na mahema ningembishia mpaka asubuhi.

UpepoKwanza
Mkuu SafariNdefu hizo inchi 3 naomba uziweke pembeni kwanza. Kunyanyua springi kunanyanyua bodi na chasisi tu, ile difu inayogonga mawe iko kwenye eksele na eksele haijapanda hata kidogo. Kinachoipandisha ni tairi peke yake. Jimny ya 1.3 nyingi zinakuja na 205/70R15 ambayo ni kama milimita 668 kwenda juu, ukivalisha 215/75R15 unapata kama 703, nusu ya tofauti ndo inaenda chini ya difu, milimita 18 hivi. Zinaonekana chache lakini kwenye njia yenye mawe milimita 18 ndo tofauti ya kupita na kukwaruza, na saizi hiyo kwa kawaida inaingia bila kunyanyua gari, pengine itagusa kidogo ukikata kona mpaka mwisho.

Usikimbilie tairi kubwa kupita hapo, injini ni ya 1.3, kila ukiongeza ukubwa wa tairi gia zote zinakuwa ndefu, yaani gari linapungukiwa nguvu ya kuvuta, na ile 4L uliyoinunulia gari unaanza kuipoteza. Tairi za tope ni nzuri kwenye tope kweli, ila kama unachanganya mawe, mchanga na lami ya kufikia huko chukua AT, yaani tairi za njia mchanganyiko.

Na cha muhimu kuliko vyote hivi, UPEPO. Nunua geji nzuri na pampu ya kuchomeka kwenye betri. Ukiacha lami shusha mpaka PSI 18, kwenye mchanga laini gari jepesi kama hili unaweza kwenda mpaka 12 ila usikate kona kwa nguvu, tairi itatoka kwenye rimu. Chuchumaa uangalie tairi ikishashushwa, utaona imejinyoosha kwa urefu chini ya gari, hapo ndo panapokamata, na kwenye mawe inajikunja kufuata jiwe badala ya kuruka. Ukirudi lami jaza kabla hujaongeza mwendo, tairi laini kwa kasi inachemka na kupasuka.

FundiEksele
Naongezea upande wa kununua. Jimny nyingi za 1.3 zinafunga habu za mbele (zile zinazounganisha tairi na shafti yake) kwa vakyumu, yaani kwa kuvuta hewa, na vile vipira vyake vikizeeka vinapasuka. Washa injini, weka 4WD subiri taa itulie, zima, acha kwenye gia, handbreki juu na mawe nyuma ya tairi za nyuma. Piga jeki tairi moja la mbele tu ulizungushe kwa mkono. Likigoma ni salama. Likizunguka kirahisi, habu mojawapo haijashika na hapo wewe una 4WD ya kwenye dashibodi tu. Dawa ya kudumu ni kuweka habu za kufunga kwa mkono.

Jaribu pia kwenye mwendo wa 60 mpaka 80, upite kwenye tuta dogo. Usukani ukianza kutetemeka vibaya na hauachi mpaka upunguze mwendo, angalia beringi za kingipini (pale tairi la mbele linapogeukia), bushi za panadi (chuma kinachozuia eksele isisogee upande) na balansi ya tairi. Muuzaji akikwambia kaweka dampa mpya ya usukani (kama shokapu ya kutuliza mtetemo) usitulie, dampa inaficha ugonjwa haiutibu. Chungulia na nyuma ya tairi za mbele, grisi ikiwa imelowa kama uji mwepesi, oili ya difu imepita sili ya ndani.

Na kama bado unataka kunyanyua ishia inchi 2, na ununue pamoja na bushi za kurekebisha kasta (mlalo wa eksele ya mbele unaofanya usukani ujinyooshe), panadi ya kurefusha na hosipaipu ndefu za breki. Ukiweka springi peke yake eksele inajisogeza upande, na usukani unakuwa mwepesi unatangatanga barabarani.

SafariNdefu
Asanteni sana wakuu, Terios nimeiacha rasmi, natafuta Jimny. Swali la mwisho, baada ya tairi na upepo kinafuata nini, winchi (mashine ya kujivuta kwa kamba) au kifaa cha kufunga difu ya nyuma ili tairi zote mbili za nyuma zizunguke pamoja?

GiaNzito
Kabla ya vyote viwili weka sehemu imara za kuvutia mbele na nyuma zilizofungwa kwenye chasisi, kamba ya kuvutia inayonyumbulika na shakeli (pingu za chuma) mbili zilizoandikwa uzito zinaouhimili. Usije kufunga kamba kwenye kile kichwa cha chuma cha mviringo cha kuvutia trela, kikikatika kinaruka kama risasi na kimeshaua watu. Pandisha na mirija ya kupumulia ya difu na giaboksi iwe juu, maana difu ya moto ikiingia kwenye maji baridi inavuta maji ndani. Hivi havihitaji hela nyingi.

Baada ya hapo kama unaenda peke yako winchi, kama mko gari mbili au zaidi weka kile kifaa cha kufunga difu ya nyuma. Ila endesha kwanza ilivyo, gari lenyewe litakuonyesha linakwamia wapi.