Kisiwa cha Gulangyu nchini China: ni mji wa Wazungu au ni mji wa Wachina wenyewe?

Mkalangala (swali)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafanya biashara ya vitambaa hapa Kampala, na safari yangu ijayo ya kununua bidhaa Guangzhou itaniachia siku chache ambazo ningependa kuzitumia kuona mahali tofauti na masoko na maghala. Kwa kuwa nilizaliwa na kukulia Kalangala, visiwani katika Ziwa Victoria, visiwa hunivutia popote vilipo, na kinachotajwa sana ni Gulangyu, kisiwa kidogo kilicho mbele ya mji wa Xiamen katika jimbo la Fujian. Maelezo niliyosoma hadi sasa yanakionyesha kama mtaa wa Wazungu ulioachwa kwenye pwani ya China, wenye nyumba za mabalozi, makanisa na piano. Ikiwa ndivyo kilivyo, sioni sababu ya kwenda mbali hivyo kutazama veranda za Waingereza, kwani hata Entebbe zipo. Mwenye kukijua naomba anieleze kiko wapi hasa, kilifikaje kuwa hivyo, na kuna nini cha kuona.

Aliyesoma Xiamen

Ndugu Mkalangala, nilisoma Chuo Kikuu cha Xiamen na kisiwa hicho nimekitembelea mara nyingi, kwa hiyo nianze na jiografia, nayo historia niwaachie wanaoimudu zaidi.

Gulangyu hakifiki kilomita 2 za mraba. Kinatenganishwa na Xiamen, mji ambao nao umejengwa kisiwani, na mlangobahari wa Lujiang wenye upana wa mita 600 hivi, karibu na mahali ambapo mto Jiulong unamwaga maji yake baharini. Ardhi yake ni vilima na miamba ya matale, na mwamba mrefu kuliko yote, Riguangyan, unafikia karibu mita 93 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda huko asubuhi na mapema, kabla umati haujafika, utaona paa nyekundu zikishuka hadi ufukweni na majengo marefu ya Xiamen yakiwa ng'ambo, na utaelewa mara moja kwa nini watu wenye mali walipenda kujenga huku badala ya kule. Magari ya kawaida hayaruhusiwi kabisa, wala baiskeli. Wageni hutembezwa na vigari vya umeme kwenye barabara za kando, na mizigo ya maduka na ya nyumba za wageni husukumwa kwa mikokoteni. Vichochoro vina kivuli cha miti jamii ya mkuyu yenye mizizi inayoning'inia, na bugenvilia zimetanda kwenye kuta nyingi.

Mwalimu wa Historia, Jinja

Ndugu yangu, maelezo uliyosoma si ya uongo, ila yameishia nusu ya njia, na nusu iliyoachwa ndiyo inayonifanya nikipende kisiwa hiki.

Kabla ya Waingereza kulikuwa na Zheng Chenggong, kamanda wa karne ya 17 anayejulikana Ulaya kwa jina la Koxinga. Alifanya Xiamen na Gulangyu kuwa ngome yake, akafunza askari wa majini huko, kisha mwaka 1661 akavuka kwenda Taiwan, na mwanzoni mwa 1662 akawatoa Waholanzi waliokuwa wameitawala sehemu ya kisiwa hicho. Sanamu yake kubwa iliyosimamishwa mwaka 1985 iko juu ya mwamba wa ufukweni. Waingereza walikiteka Gulangyu mwaka 1841 katika Vita vya Kasumba, vita kati ya Uingereza na China vilivyotokana na biashara ya kasumba, na Mkataba wa Nanjing wa 1842 ukaufungua Xiamen pamoja na bandari nyingine nne kwa biashara ya nje. Askari wao waliondoka 1845, lakini mabalozi wadogo, wamisionari na wafanyabiashara wakazidi kuja. Japani ilipoichukua Taiwan mwaka 1895, hofu ilienea kwamba Xiamen ungefuata, na hofu hiyo ilichangia kuifanya serikali ya Qing, ukoo wa kifalme uliotawala China wakati huo, ikubali kisiwa kiwe makazi ya kimataifa, yaani eneo linaloendeshwa kwa pamoja na mataifa ya kigeni. Makubaliano yalitiwa saini mwaka 1902, na baraza la mji likaanza kazi 1903. Wachina walipewa nafasi ndogo mno katika baraza hilo ingawa ndio waliokuwa wengi kisiwani, na jambo hilo halifai kupakwa rangi. Utaratibu huo uliendelea hadi Wajapani walipokitwaa kisiwa Desemba 1941.

Sasa fikiria ni nani aliyejenga nyumba utakazoziona. Nyingi zilizo nzuri zilijengwa katika miaka ya 1920 na 1930 na Wachina wa Fujian waliokuwa wamehamia Indonesia, Ufilipino, Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo) na Singapuri, wakapata mali, kisha wakarudi. Mashuhuri kati yao ni Huang Yizhu, aliyeondoka kwao akiwa kinyozi maskini, akatajirika kwa biashara ya sukari huko Java, akarejea mwaka 1919 na kuweka makazi yake Gulangyu. Alianzisha benki huko Shanghai na akachangia fedha za kuleta maji ya bomba na simu Xiamen. Watu kama yeye walichanganya matofali mekundu ya Fujian, nguzo za Kizungu, veranda na mapambo ya mtindo mpya wa wakati huo, hata ukazaliwa mtindo wa pekee uitwao Amoy Deco, Amoy likiwa jina la zamani la Xiamen. Hapa Jinja, barabara kuu yetu ina maduka ya zama zizo hizo yaliyojengwa na wafanyabiashara Wahindi, na ukitazama michoro ya sehemu zake za mbele utaona undugu. Tofauti ni kwamba wale wa Gulangyu walikuwa wakijenga kwao. UNESCO ilipokiingiza kisiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia Julai 2017, kikiwa na majengo ya kihistoria 931, mchanganyiko huo ndio uliotambuliwa.

Usiache pia bustani ya kumbukumbu ya Lin Qiaozhi, daktari wa uzazi aliyezaliwa kisiwani mwaka 1901, ambaye inasimuliwa kuwa alizalisha watoto zaidi ya 50,000 katika maisha yake, ilhali mwenyewe hakuwahi kuolewa. Kwangu mimi huyo anashinda mabalozi wote.

Mpiga Kinanda, Mengo

Nakubaliana na Mwalimu, ila naomba piano zisidharauliwe. Muziki uliletwa na makanisa na shule za wamisionari, lakini waliouendeleza kwa vizazi ni familia za kisiwani. Yin Chengzong, mpiga piano anayejulikana duniani, alizaliwa huko mwaka 1941. Makumbusho ya piano yalifunguliwa mwaka 2000 kwa hazina ya Hu Youyi, mzaliwa wa Gulangyu aliyekuwa akiishi Australia, naye akachagua kuipeleka nyumbani. Yamo ndani ya bustani ya Shuzhuang, iliyojengwa 1913 na Lin Erjia, ambaye familia yake iliihama Taiwan baada ya Wajapani kuichukua. Daraja lake la kupindapinda limepita juu ya maji ya bahari yenyewe. Vinanda vikubwa vya kanisani navyo vina makumbusho yao katika jumba la Bagua lenye kuba jekundu, lililochorwa na John Otte, daktari mmisionari kutoka Marekani aliyefungua hospitali kisiwani mwaka 1898 na kufa kwa tauni mwaka 1910.

Mkalangala

Nawashukuru nyote, na Mwalimu kwa namna ya pekee. Nitakwenda. Je, kutoka Guangzhou nifikeje, na niepuke majira gani?

Aliyesoma Xiamen

Panda treni ya mwendo kasi hadi Xiamen. Ni safari ya saa kadhaa. Wageni hawavukii gati la katikati ya mji mchana, bali bandari ya Dongdu, na kutoka hapo feri huchukua dakika 20 hivi. Tikiti hukatwa kwa pasipoti, na kwa kuwa tangu 2017 idadi ya watu wanaoingia imewekewa kikomo cha 50,000 kwa siku, ikate mapema. Epuka wiki ya kwanza ya Oktoba, ambayo ni likizo ya taifa, na ujihadhari na miezi ya Julai hadi Septemba, kwani ndiyo ya tufani. Ile ya Septemba 2016 iling'oa miti mingi sana Xiamen. Novemba hewa ni kavu na jua si kali. Ukiweza lala kisiwani usiku mmoja, kwa sababu wengi hurudi Xiamen jioni na vichochoro hubaki kwa wenyeji, na chukua begi la mgongoni badala ya sanduku zito, maana njia nyingi ni za ngazi.